Ukiitwa Kwenye Jopo la Ruzuku za Urithi: Mwongozo kwa Watu wa Beni na Butembo

Mwaka 1950, pale Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mtafiti wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua kijiti cha mfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi. Ni cha rangi ya kahawia iliyokolea, na kwenye ncha moja kimepachikwa kipande cha jiwe gumu linalong'aa. Mwilini kimechanjwa chale za safu tatu. Ukizihesabu, safu moja ina chale 48, na nyingine mbili zina 60 kila moja. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka 20,000, na mpaka leo wanabishana kama ni chombo cha kuhesabia, kalenda ya mwezi au kitu kingine kabisa. Ishango iko wilayani Beni. Kijiti chenyewe kiko Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi ya viumbe asilia.

Urithi mwingine wa eneo hili haujaenda mbali hivyo. Uko majumbani: ngoma iliyoning'inizwa ukutani kwa mzee, nyimbo ambazo mabinti wa Butembo hawazijui tena, karatasi za misheni zinazoliwa na mchwa, visa vya ukoo vinavyosimuliwa na watu wawili au watatu waliobaki. Mara nyingi kinachohitajika kuvihifadhi ni fedha kidogo, dola elfu moja au elfu tatu, zikifika kwa kikundi kinachofaa na kwa wakati. Anayeamua zifike wapi huwa ni jopo la wakazi wachache waliokubali kufanya kazi hiyo bila mshahara.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliyeombwa kukaa kwenye jopo la namna hiyo, au unayefikiria kujitolea. Umejengwa juu ya kipimo kimoja: kila uamuzi mtakaoufikia uwe ni uamuzi mnaoweza kuueleza hadharani, kwa Kiswahili, mbele ya yule aliyenyimwa.

Jopo hufanya kazi gani

Mfano mzuri wa kuigwa ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ulioanza mwaka 1992 na kuendeshwa kupitia UNDP. Katika kila nchi inayoshiriki, miradi hupitishwa na kamati ya taifa ambayo wajumbe wake hujitolea, na walio wengi hutoka nje ya serikali: vyuo, mashirika ya kiraia, jamii za wenyeji. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha ruzuku moja kilikuwa dola 50,000, na miradi mingi ilipewa chini ya hapo. Mratibu analipwa, huchuja maombi na kuandaa mafaili. Kamati husoma, huuliza, huamua.

Tanzania nayo ilianzisha Mfuko wa Utamaduni mwaka 1998 kwa msaada wa Sweden, ukawa unatoa ruzuku kwa wasanii na vikundi vya utamaduni. Uingereza, fedha za bahati nasibu ya taifa zimekuwa zikigawiwa kwa urithi tangu 1994. Ukubwa wa mifuko hiyo unatofautiana, lakini kazi ya mjumbe inafanana kila mahali. Inaanza na kusoma, kisha kutoa alama, kujadiliana, kutembelea miradi na kutoa majibu.

Kabla ya kukubali, uliza mambo manne na upate majibu kwa maandishi. Fedha ni ya nani, na mtoaji anabakiza uamuzi gani mkononi mwake? Mtakutana mara ngapi kwa mwaka? Muda wa ujumbe ni miaka mingapi? Na nauli na chakula cha siku ya kikao vitarudishwaje? Swali hili la mwisho watu huona haya kuliuliza, nalo ndilo huvunja kamati nyingi. Kujitolea maana yake hulipwi kwa kuamua, wala si lazima utoe fedha yako kumlipa motari kutoka Bulengera hadi mahali pa kikao. Kiwango cha kurudishiwa kiwe kimoja kwa wajumbe wote, kiandikwe, na kisipande siku jopo linapokaribia kutoa fedha.

Nani wakae mezani

Watu saba au tisa wanatosha. Idadi isiyogawanyika kwa mbili husaidia kura zinapogongana.

Kosa rahisi ni kujaza meza kwa wasomi wa mjini. Wilaya ya Beni ina Bashu, Beni-Mbau, Rwenzori na Watalinga. Lubero ina Bamate, Baswagha, Batangi na Bapere. Wanande ndio wengi, lakini si wao peke yao: kuna Watalinga upande wa Semliki, Wapere upande wa msitu, na Wambuti, ambao misitu ya Beni ni kwao. Jopo lisilo na sikio hata moja upande huo litapitisha miradi ya Kinande mwaka baada ya mwaka, na wajumbe wake wataamini wametenda haki.

Tafuteni pia stadi mbalimbali. Mwalimu wa historia kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichopo Butembo tangu 1989, atajua kilichokwisha kuandikwa. Mama mfanyabiashara atajua bei ya mbao, betri na turubai kuliko profesa yeyote. Kijana anayetengeneza video atatambua upesi kifaa kilichoandikiwa bei mara mbili. Mzee anayejua mila atasema kipi kinaweza kuoneshwa na kipi hakioneshwi. Wawepo wanawake wa kutosha ili sauti yao iwe ya kawaida, si ya kukaribishwa.

Na lugha? Wanaojua zaidi habari za urithi si lazima wajue Kifaransa cha kuandikia miradi. Pendekeza mapema kwamba maombi yapokelewe kwa Kiswahili na Kinande, na kwamba kikundi kinaweza kueleza mradi wake kwa sauti mbele ya katibu atakayeandika. Uamuzi huo mmoja hufungua mlango zaidi kuliko tangazo lolote.

Undugu, parokia na soko

Butembo ni mji ambao watu wanajuana. Mwombaji atakuwa mtoto wa dada yako, au mlisoma shule moja, au mnasali parokia moja, au anakudai fedha ya mzigo. Kamati inayojidai haina uhusiano na waombaji haisemi kweli.

Njia ni kusema mapema. Katika kikao cha kwanza, kabla hamjaona ombi hata moja, kubalianeni uhusiano wa aina gani unamtoa mjumbe chumbani: ndugu wa damu na wakwe, mshirika wa biashara, kiongozi wa chama kinachoomba, mtu anayekudai au unayemdai. Ukoo mzima au parokia nzima ikihesabika hatabaki mtu mezani, kwa hiyo chora mstari mahali panapotekelezeka. Siku ya mjadala, mwenye uhusiano aseme, atoke nje kabisa, na katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi, maana wenzako watakuangalia usoni.

Kuku, mfuko wa maharage au bidoni ya kasiksi itakayoletwa nyumbani wakati wa maombi irudishwe kwa heshima, na jambo hilo litajwe kikaoni. Ukitembelea mradi uliokwisha kupitishwa, chakula kinacholiwa pamoja na wote ni ukarimu, usikikatae.

Urithi ni upi?

Sheria ya Congo ya kulinda mali za kitamaduni ni ya tarehe 15 Machi 1971, na ndiyo inayohusu vitu na majengo. Kwa urithi usioshikika, nchi iliridhia mwaka 2010 mkataba wa UNESCO wa 2003, na Desemba 2021 rumba ya Congo ikaandikishwa pamoja na Congo-Brazzaville. Ila kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, maeneo matano ya nchi yetu, Virunga likiwa la kwanza mwaka 1979, yote ni ya asili. Hakuna hata moja la utamaduni. Anayesubiri orodha hiyo imwambie kipi ni cha thamani Beni au Lubero atasubiri sana.

Kwa hiyo jopo linahitaji maelezo yake. Yanayofaa hapa ni haya: kitu, mahali, ujuzi au desturi ambayo watu wa eneo wenyewe wanaitambua kuwa yao, waliipokea kutoka kwa waliotangulia, na wanataka waijue watoto wao. Hapo zinaingia chale za Ishango na vichokoo vya mfupa vya Katanda, chini kidogo kwenye Semliki, ambavyo watafiti mwaka 1995 walivitaja kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi. Unaingia uami wa Bashu, ambao mwanahistoria Randall Packard aliuandikia kitabu kizima mwaka 1981, akieleza uhusiano wa mwami, mvua na ardhi. Zinaingia nyumba za misheni za Waasumpsionisti waliofika 1929, na nyimbo kama zile ambazo Hugh Tracey alizirekodi kwa Wanande mwaka 1952.

Mtakutana pia na maombi ya miradi mizuri iliyovishwa vazi la urithi: kisima, mashine ya kusaga, ukumbi wa harusi. Yaulize swali moja. Ukiondoa neno urithi kwenye andiko, je, kuna kitu kinachobadilika katika shughuli zake? Kama hakuna, liambieni kundi hilo kwa upole litafute mlango mwingine.

Kusoma bajeti kwa kalamu mkononi

Andiko zuri huonekana kwenye bajeti. Chukulia kikundi cha akina mama kinaomba dola 2,800 kurekodi nyimbo za kutwanga, za arusi na za msiba kutoka kwa bibi ishirini. Bajeti yao ni hii: vinasa sauti viwili, dola 240, paneli ndogo ya jua na betri, 180, usafiri wa motari, 320, chakula siku za kurekodi, 360, posho ya kiongozi, 900, uzinduzi, 400, mengineyo, 400.

Hesabu inatimia, lakini isomeni tena taratibu. Posho ya mtu mmoja imekula karibu theluthi ya fedha, na wale bibi ishirini, ambao ndio wenye nyimbo, wanapata sahani ya chakula tu. Hakuna senti ya diski ya kuhifadhia, wala ya diski ya pili itakayokaa mahali pengine ya kwanza ikiibiwa. Hakuna mtu wa kuandika maneno ya nyimbo kwa Kinande na kuyafasiri. "Mengineyo" dola 400 ni shimo. Paneli ya jua, kwa upande mwingine, ni dalili njema: mwandishi anajua umeme wa mtaani kwake.

Jopo lisilo makini litakataa ombi hili. Jopo linalojua kazi litawaita akina mama, liwaulize, na kuwapa wiki mbili kurekebisha: posho ipungue, "mengineyo" yageuke diski mbili na mwandishi wa Kinande, uzinduzi uwe wa kawaida, na kila bibi apate kitu. Mradi haukuongezwa hata dola moja, lakini sasa utaacha kitu nyuma.

Angalieni pia mchango wa wenyewe. Eneo hili limezoea kuchangishana. Enzi za Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, Kanisa na wafanyabiashara walishirikiana kutengeneza barabara ambazo serikali haikuzigusa. Salongo ya siku mbili, mbao za mwanachama, chumba cha parokia kisicholipiwa: vyote vihesabiwe kwa bei ya soko, viandikwe. Kikundi maskini kinachotoa jasho kisionekane hakikuchangia.

Kwa alama, vipengele vitano vinatosha: umuhimu kwa wenyeji, hatari ya kupotea, uwezo wa kikundi, bajeti, na kitakachobaki mradi ukiisha. Kila mjumbe aandike alama zake nyumbani kabla ya kikao. Zikiandikwa mezani, wote watafuata alama za mkubwa aliyeongea kwanza.

Suala la hati lisiwe ukuta. Sheria ya mashirika yasiyo ya faida, namba 004/2001 ya Julai 20, 2001, inaweka masharti ya kutambuliwa kisheria, na si kila kikundi cha kijiji kimeyatimiza. Parokia, shule au chama chenye hati kinaweza kupokea fedha kwa niaba yao, kukiwa na mkataba unaosema wazi nani anaamua matumizi.

Ridhaa na mambo yasiyooneshwa

Mradi unaohusu jando, makaburi ya waami au dawa za mitishamba unahitaji swali kabla ya alama: wenye jambo hilo wamekubali? Mwami au mzee wa mila akubali mwenyewe, si kwa barua iliyoandikwa na kijana wa mjini. Sheria ya Agosti 2015 inayohusu hadhi ya machifu wa kimila inawatambua rasmi, ila saini ya chifu haimalizi ridhaa ya familia. Kwa Wambuti, sheria namba 22/030 ya Julai 15, 2022 inalinda haki zao kama watu wa asili. Msipitishe filamu kuhusu nyimbo zao ambayo wao hawakuiomba, hawataiona, na hawatapata kitu kwayo.

Kanuni moja inaweza kuazimwa moja kwa moja. Mpango wa Kumbukumbu Zilizo Hatarini wa Maktaba ya Uingereza, ulioanza 2004, haukubali hati halisi zitolewe katika nchi zilimo. Kinachosafiri ni picha. Ndivyo zilivyohifadhiwa hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, nazo zikabaki Lamu. Andikeni hivyo kwenye kila mkataba: kitu hakihami, hakiuzwi, na nakala moja ya kazi inabaki mahali wenyeji wanapoweza kuifikia.

Usalama ni sehemu ya alama

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafuata wakazi wa Beni mashambani na barabarani. Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na baada ya Goma kuanguka Januari 2025 ofisi za jimbo zikahamia Beni. Mjumbe anayesoma mradi lazima ajue barabara ya Beni–Kasindi ikoje wiki hii, si mwaka jana.

Ulizeni kikundi kitafanya nini njia ikifungwa. Jibu zuri lina mahali pa pili pa kufanyia kazi na tarehe zinazosogezeka. Mikusanyiko iwe na taarifa kwa mamlaka. Matangazo yasitaje siku na njia ya wazee watakaosafiri, na picha za vitu vya thamani zisiwekwe mtandaoni pamoja na jina la kijiji. Ziara ya jopo ifanywe na wajumbe wanaoishi karibu. Hakuna ruzuku inayostahili kumpitisha mtu mahali wenyeji wenyewe hawapiti.

Fedha itolewe kwa awamu, nusu mwanzoni na iliyobaki baada ya hatua ya kwanza kuonekana. Ikitumwa kwa simu, namba iwe ya kikundi na wawili watie sahihi. Sokoni hawatoi ankara kila mara. Kubalini hati iliyoandikwa kwa mkono yenye jina, kiasi, tarehe, sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja.

Kutoa majibu

Ebola iliyotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika eneo hili hili. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo iliyosikika kila kona ni fedha: magari mapya, ajira, mikataba, na watu wasioelezwa nani amepata nini na kwa nini. Ruzuku za urithi ni ndogo sana zikilinganishwa na zile, lakini shaka ya aina hiyo haihitaji mamilioni ili iote.

Ndiyo maana majibu ni nusu ya kazi. Tangazeni orodha ya waliopata, kiasi na shughuli, kwenye ubao wa komini na redioni; Radio Moto inasikika Butembo na hata Oicha. Kila aliyenyimwa apate barua yenye sababu halisi, kwa mfano: "Ndugu zetu, jopo limeona kuwa ngoma za ukoo wenu zinastahili kutunzwa. Ombi halikupita kwa sababu mbili: hamkuonesha nani atazitunza baada ya mwaka mmoja, na bei ya mabati ni kubwa kuliko ya sokoni. Mkirekebisha, leteni tena awamu ijayo. Katibu yuko ofisini kila Jumatano." Mjumbe akiulizwa njiani, arudie sababu hizo hizo, asitaje nani alisema nini chumbani.

Baada ya hapo mgawane miradi, kila mjumbe afuatilie miwili au mitatu. Simu moja kwa mwezi na ziara moja inapowezekana zinatosha kugundua tatizo likiwa dogo. Kikundi kilichokwama kisaidiwe kubadilisha mpango kwa maandishi kabla ya kuandikiwa onyo.

Muda wako ukikaribia kuisha, anza kumwandalia atakayekuja: kurasa mbili au tatu za bei za vifaa sokoni, nauli za motari kiangazi na masika, majina ya wanaoweza kuandika Kinande vizuri, na orodha ya maombi yaliyonyimwa ambayo yalihitaji marekebisho madogo tu. Mkabidhi mkononi, kaa naye kikao chake cha kwanza, na mpitie pamoja ombi moja la zamani kutoka bajeti hadi barua ya jibu.